Pulizia Kwanza, Ndipo Uchane: Kondishena ya Manyoya kwa Mbwa wa Nyumbani

Baada ya kumchana mbwa wako leo, chukua nywele chache zilizobaki kwenye brashi uzitandaze juu ya karatasi nyeupe. Kama ni ndefu, zenye urefu ule ule wa manyoya yaliyobaki mwilini, zimetoka zenyewe kwa wakati wake. Mbwa hupukutisha manyoya kama mti unavyopukutisha majani. Kama ni vipande vifupi vifupi, vingine havizidi ukucha, basi brashi yako inakata manyoya badala ya kuyachana.

Mara nyingi sababu ni moja: umechana manyoya makavu. Dawa yake ni kondishena ya kupulizia, ile isiyosuuzwa, inayonyunyizwa kama ukungu kabla brashi haijagusa mwili. Wengi huinunua kwa ajili ya harufu, na wengi huimwaga kupita kiasi. Ichukulie kuwa ina kazi moja tu, kuifanya brashi iteleze, na maelezo yote yanayofuata yatakuwa mepesi kwako.

KWA NINI MANYOYA MAKAVU HUKATIKA

Msusi yeyote anajua kwamba nywele za kipilipili hazichanwi kavu. Huzilowesha kidogo, huzipaka mafuta, kisha huanzia nchani akielekea kichwani. Unywele wa mbwa umejengwa kwa namna ile ile. Kwa nje umefunikwa na magamba membamba yaliyopangana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Unywele wenye afya magamba yake hulala. Jua, vumbi, sabuni kali na kujigaragaza huyainua, na magamba yaliyoinuka ya unywele mmoja hukwama kwenye ya mwenzake. Fundo huanzia hapo. Brashi kavu ikipita, hukuta nywele zimeshikana. Kitu lazima kiachie, na kinachoachia ni unywele wenyewe. Hewa ikiwa kavu, kama Dodoma wakati wa kiangazi, msuguano huo huzaa pia umeme tuli: manyoya husimama, hunata mkononi, na mbwa hushtuka ukimgusa.

Kondishena ina viungo vyenye chaji chanya ya umeme. Unywele uliochakaa una chaji hasi, kwa hiyo viungo hivyo huung'ang'ania na kuyalaza magamba. Nyingi zina silikoni pia, ambayo kwenye chupa huandikwa dimethicone au jina linalofanana na hilo, na hiyo huacha utando mwembamba unaoteleza. Ukiona glisirini au panthenoli, hizo ni za kushika unyevu.

Kondishena haiui kupe wala viroboto, haiponyi upele, na haioshi. Ukiipulizia juu ya vumbi unatengeneza tope jembamba linalokausha manyoya vibaya zaidi. Na mbwa anayenuka ilhali aliogeshwa juzi ana tatizo masikioni, mdomoni, ngozini au kwenye tezi zilizo kando ya njia ya haja kubwa. Tafuta tatizo hilo. Usilifunike kwa manukato.

JE, MBWA WAKO ANAIHITAJI?

Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi yaliyolala, vivyo hivyo Boerboel na Ridgeback, haihitaji. Brashi ya mpira na kitambaa chenye unyevu vinamtosha, na pesa ya kondishena inunulie dawa ya kupe.

Wanaoihitaji kweli ni mbwa wenye manyoya marefu ya hariri: Maltese, Shih Tzu, Lhasa Apso, Yorkshire Terrier. Manyoya yao hayapukutiki sana, hukua tu, na yasipochanwa kila siku au kila baada ya siku moja hufungana nyuma ya masikio, kwapani na mahali mkanda wa shingo unaposugua. Poodle na machotara wake nao wamo, tena kwao fundo hujificha: juu unaona manyoya yamefura vizuri, chini karibu na ngozi yameshakuwa kama jamvi.

German Shepherd, Japanese Spitz na Golden Retriever wana tabaka mbili, manyoya magumu juu na mengine laini kama sufi chini. Kwao kondishena hufaa zaidi msimu wa kupukutika, wakati sufi ile ya chini inapotoka kwa mafungu. Terrier wa manyoya magumu kama waya waache, kwa sababu kondishena huyalainisha, na ugumu ule ndio unaokinga ngozi yao dhidi ya maji na miiba.

Na kama unampeleka mbwa maonyeshoni, soma kanuni kwanza. Maonyesho ya Crufts ya Uingereza, yaliyoanza mwaka 1891, yana kanuni kuhusu vitu vinavyobadilisha manyoya ya mbwa.

SOMA CHUPA KABLA YA KULIPA

Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu. Tabaka lake la juu lina safu tatu hadi tano za seli, letu lina kumi hadi kumi na tano. Tindikali yake nayo si sawa: ngozi ya binadamu iko karibu na pH 5.5, ya mbwa iko karibu na 7. Ndiyo maana kondishena yako ya saluni, hata ile ya watoto wachanga, si ya kubaki mwilini mwa mbwa kutwa nzima. Kisha kumbuka kwamba mbwa hujilamba. Chochote unachompulizia, sehemu yake ataila.

Rudisha chupa rafuni ukikuta:

- Mafuta ya melaleuca, yanayoandikwa "tea tree oil". Ni sumu kwa mbwa na paka, hata kama muuzaji anayasifu kuwa ya asili.
- Xylitol, sukari mbadala inayoweza kushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi ya hatari akiilamba.
- Permethrin, ikiwa nyumbani mna paka. Mbwa huivumilia, lakini paka huweza kufa kwa kulala tu karibu na mbwa ambaye bado ana unyevu wa dawa hiyo.
- Harufu kali inayokupiga puani ukifungua kifuniko. Pua ya mbwa inanusa mbali kuliko yako; kinachokupendeza wewe huenda kikamtesa yeye.
- Chupa isiyo na orodha ya viungo, au iliyojazwa upya dukani kutoka kwenye dumu.

Mafuta ya nazi watu huniuliza kila mara. Hayachanganyiki na maji, kwa hiyo chupa hupulizia maji kwanza na mafuta baadaye. Chini ya nyuzijoto 24 hivi huganda, na asubuhi ya Juni huko Arusha utakuta tundu la chupa limeziba. Mazito yakibaki kwenye manyoya marefu huvuta vumbi lote la uani. Tone moja lililosuguliwa viganjani kwa ajili ya ncha za mkia halina ubaya, lakini usiyageuze kuwa kondishena ya mwili mzima. Mafuta ya karafuu usithubutu, ni makali mno kwa ngozi hiyo nyembamba.

MCHANGANYIKO WA JUZI

Hapa naomba usome polepole, maana ndipo watu waangalifu wanapoumiza mbwa bila kujua.

Kondishena nyingi za bei nafuu kwa matumizi ya muda mrefu huuzwa nzito, zikihitaji kuongezwa maji. Zikiwa nzito zina kihifadhi cha kutosha kuzuia vijidudu. Ukishaongeza maji umekipunguza nguvu, na sasa una chupa yenye maji, chakula cha bakteria na joto la Dar es Salaam. Baada ya siku chache humo ndani kuna uhai. Kati ya bakteria wanaopenda mazingira hayo ni Pseudomonas aeruginosa, na madaktari wa mifugo wanaujua vizuri ugonjwa unaoletwa na bakteria hao: maambukizi ya ghafla ya vinyweleo baada ya mbwa kuogeshwa au kuchanwa. Shampuu iliyochafuliwa ndiyo inayolaumiwa zaidi, lakini chupa yoyote iliyoongezwa maji na kuwekwa inabeba hatari ile ile. Brashi inaposugua ngozi kwa nguvu, hasa kinyume cha uelekeo wa manyoya, huwasukuma vijidudu ndani ya vinyweleo.

Dalili huja haraka, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Mbwa hataki kuguswa mgongo. Anatembea kama mzee, anakataa chakula, huenda ana homa. Ukifunua manyoya unaona vipele vyekundu au vyenye usaha kando ya uti wa mgongo. Wengi hudhani ameteguka. Usimwogeshe tena na usimpake chochote. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, umweleze kuwa alichanwa juzi, na ubebe chupa uliyotumia.

Kinga yake ni rahisi:

1. Changanya kiasi cha leo tu. Mbwa mdogo kama Maltese hahitaji hata robo kikombe.
2. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usikadirie kwa macho.
3. Kilichobaki kimwage. Usijazie kipya juu ya cha zamani, hata kama kilichobaki chini ni kidogo.
4. Osha chupa na kifuniko chake cha kupulizia kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kisha ifungue na kuianika kichwa chini mpaka ikauke kabisa.
5. Kwenye chupa ya ile nzito, andika kwa kalamu ya wino tarehe uliyoifungua.

Kama utaratibu huu unakuchosha, nunua ile iliyo tayari kupuliziwa. Ni ghali kidogo, lakini mbwa mmoja mwenye maambukizi ya mgongo atakugharimu zaidi, naye ndiye atakayelia usiku kucha.

USIPULIZIE KABISA IKIWA

- Ngozi ina kidonda, upele, magamba au mabaka yasiyo na manyoya. Ukurutu na mashilingi huweza kuambukiza, hata kwako; daktari kwanza.
- Umemdondoshea dawa ya kupe ya shingoni. Dawa hizi husambaa kupitia mafuta ya ngozi, na nyingi hutaka siku mbili bila kulowa kabla na baada. Soma karatasi yake.
- Ni mtoto wa mbwa aliye chini ya umri ulioandikwa kwenye chupa.
- Mbwa anakohoa au anapumua kwa shida. Ukungu ule atauvuta mapafuni.

HATUA KWA HATUA

Andaa chupa, brashi ya waya laini uliopinda kwa manyoya mazito au brashi ya pini kwa manyoya ya hariri, chanuo la chuma lenye meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili, kibano cha kupe, taulo, na vipande vidogo vya nyama au biskuti. Msimamishe mbwa juu ya mpira au mkeka usioteleza. Silikoni inayodondoka kwenye vigae ni kama sabuni: mtu huanguka, mbwa huteguka. Mimi hufanyia kazi hii nje kivulini, na nikimaliza napiga deki kwa maji ya sabuni.

Kwa Mwislamu anayefuga mbwa wa ulinzi, hasa huku pwani ambako wengi ni wa madhehebu ya Shafi, zingatia kwamba kupulizia kunamlowesha mbwa, na unyevu ndio unaohamisha najisi. Tenga kanzu au koti la kazi hiyo, vaa glavu, na vifaa vyake visiingie bafu la familia.

1. Mpapase kwanza. Pitisha vidole mwili mzima kabla ya kitu chochote: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Kupe watoe kwa kibano ukiwashika karibu kabisa na ngozi. Kumbuka palipo na mafundo.

2. Kama kondishena ni mpya kwake, jaribu. Pulizia sehemu ndogo ndani ya paja na usubiri saa 24. Ngozi ikiwa nyekundu au akijikuna, suuza na usiitumie tena.

3. Mzoeshe mlio. Ule mlio wa "psss" ndio unaowakimbiza mbwa wengi. Pulizia hewani mbali naye, mpe kipande cha nyama. Rudia ukisogea kidogo kidogo. Ukimkamata kwa nguvu siku ya kwanza, kila siku itakuwa vita.

4. Pulizia ukungu, usimwage. Shika chupa sentimita 20 hadi 30 kutoka mwilini. Manyoya yawe na unyevu wa umande. Yakidondosha maji umezidisha. Kichwani usipulizie kamwe. Nyunyiza kiganjani au kwenye brashi, kisha upake kwa mkono mbali na macho, pua na mdomo. Ikimwingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi dakika kumi au zaidi. Jicho likibaki jekundu au akilifumba, mwone daktari.

5. Chana kwa mistari. Hatua hii ndiyo inayotofautisha mbwa aliyechanwa na mbwa aliyepapaswa kwa brashi. Anzia chini, mguuni. Kwa mkono wa kushoto inua manyoya yote juu uyazuie, mpaka uone mstari wa ngozi. Achia safu nyembamba chini ya mstari huo, ipulizie, ichane. Achia safu nyingine juu yake, pulizia, chana. Panda hivyo mpaka mgongoni. Ukipulizia mwili mzima kwa mara moja kisha ukaanza kuchana, utakapofika upande wa pili patakuwa pameshakauka.

6. Anzia nchani. Katika kila safu chana ncha, kisha katikati, mwisho kutoka kwenye ngozi. Mkono uwe mwepesi. Brashi ya waya ikiisugua ngozi ile ile mara nyingi huichubua, na mbwa hawezi kukwambia mpaka usiku atakapoanza kujilamba.

7. Pima kwa chanuo. Pitisha meno mapana kutoka kwenye ngozi hadi nchani, kisha membamba. Likipita bila kukwama, sehemu hiyo imekwisha. Likikwama, usivute, rudi kwenye chupa na vidole.

8. Mkaushe. Unyevu ukibaki kwenye sufi ya chini huwasha, na mahali hapo huweza kugeuka kidonda chenye majimaji. Tumia taulo, kisha hewa au draya isiyo na moto mkali.

Siku ya kuoga mpangilio ni huu: pulizia na uchane mpaka mafundo yote yaishe, ndipo umwogeshe, usuuze, umpulizie tena kidogo sana, umkaushe na kumchana. Watu wengi huogesha kwanza wakitumaini maji yatalegeza mafundo. Maji mengi na kusugua hufanya kinyume: fundo hujikaza kama sufu inayofinyangwa, na likikauka huwa gumu.

FUNDO LIKIKATAA

Shika shina la fundo kwa vidole viwili, kati ya fundo na ngozi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako. Pulizia fundo lenyewe mpaka lilowe na usubiri dakika tano. Kisha ligawanye kwa vidole, kama unavyonyambua pamba, na uanze kuokoa nywele za ukingoni kwa ncha ya chanuo. Dakika kumi kwa fundo moja si nyingi. Zikipita kumi na tano mbwa akaanza kutetemeka au kukung'uta mkono wako, acha, mpumzishe, endelea jioni.

Mkasi usiushike. Fundo huivuta ngozi ikainuka ndani yake kama hema, huwezi kuiona, na kipande unachodhani ni manyoya huwa ni ngozi hai. Nimewahi kukata kwapa la Shih Tzu kwa namna hiyo hiyo, nikiwa na haraka ya kumkabidhi kwa mwenyewe. Alishonwa nyuzi nne. Tangu siku ile mkasi haukaribii fundo mikononi mwangu.

Ikiwa mafundo yameungana na kulala juu ya ngozi kama jamvi, hakuna kondishena itakayoyafungua bila mateso. Mpeleke kwa fundi anyolewe kwa mashine, naye apitishe wembe wake chini ya jamvi hilo taratibu. Mwombe akuonyeshe ngozi iliyokuwa chini: mara nyingi huwa nyekundu, wakati mwingine ina kupe ambao hukuwajua. Mwezi wa kwanza usimwache juani mchana. Manyoya yakifika urefu wa nusu kidole, anza upya na chupa na chanuo, dakika tano kila jioni, kabla fundo la kwanza halijapata nafasi nyuma ya sikio.